Mwaka wa Pili Baada ya Kupungua

Karibu kila njia ya kupunguza mwili inayotangazwa mjini hufanya kazi kwa miezi mitatu. Ukiacha wanga utapungua. Ukinywa juisi ya mboga asubuhi na mchana, usiku ukalalia saladi, utapungua. Ukila mlo mmoja kwa siku, ukifunga saa kumi na sita, ukihesabu kalori kwenye simu, utapungua pia. Ndiyo maana kila mwenye njia yake ana picha za "kabla" na "baada", na nyingi kati yake ni za kweli kabisa. Picha isiyobandikwa ni ya tatu, iliyopigwa mwaka wa pili. Sisi tunaoshauri watu juu ya lishe tungependa kuiona hiyo kabla ya nyingine zote, maana ndiyo inayotuambia kama njia ilimfaa mtu au ilimchosha tu.

Tuanze kwa kuondoa udanganyifu wa wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli. Akiba hiyo, glaikojeni, kwa mtu mzima hufikia karibu nusu kilo, na kila gramu yake hushika takriban gramu tatu za maji. Ukikata ugali na wali kwa ghafla, akiba hutumika na maji yake huishia chooni. Mizani husoma kilo mbili pungufu hata kabla mafuta hayajaguswa sana. Jumamosi ukala pilau la harusi, maji yanarudi na kilo zake, nawe unaamini kwamba sahani moja imeharibu kazi ya mwezi mzima. Haikuharibu kitu. Lakini ni hapo hapo wengi wanaposema "basi, liwalo na liwe" na kumalizia na soda mbili.

Mafuta yenyewe ni habari nyingine. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipata njia ya kujua umri wa seli za mafuta za binadamu. Walitumia mabaki ya kaboni-14 yaliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 (hata silaha hizo zimefaa kitu). Walikuta kwamba idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima haibadiliki sana. Takriban asilimia 10 hufa kila mwaka na nyingine huzaliwa kuziba nafasi. Mtu akipungua sana, hata kwa upasuaji, seli zake hunywea, ila idadi hubaki ile ile. Anatembea akiwa mwembamba na maghala yale yale, ila sasa hayana shehena.

Maghala hayo hayakai kimya. Seli ya mafuta hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Seli ikijaa, leptini huwa nyingi na ubongo huelewa kwamba akiba ipo. Seli ikinywea, leptini hushuka, na ubongo hauwezi kujua kwamba umefanya hivyo kwa hiari yako ili nguo ya sikukuu ikutoshe. Ubongo unachosoma ni kwamba njaa imeingia nchini, nao unajibu kama ulivyozoea kwa maelfu ya miaka: unaongeza hamu ya kula na kubana matumizi.

Hali hii hudumu kwa muda gani? Jibu moja lilitoka Melbourne, Australia, mwaka 2011. Priya Sumithran na wenzake waliwachukua watu wanene 50 na kuwapa kwa wiki 10 chakula chenye kalori chache mno. Walipungua zaidi ya kilo 13 kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye, wakati baadhi ya kilo zilikwisharudi, damu yao ilipimwa tena. Grelini, homoni inayotoka tumboni kuamsha njaa, ilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza. Homoni kadhaa za shibe zilikuwa bado chini. Na wenyewe walisema kwamba wana njaa kuliko walivyokuwa wakiwa wanene. Mtu akikwambia "tangu nipungue nawaza chakula tu", usimcheke. Damu yake inasema hivyo hivyo.

Kuhusu matumizi ya nguvu, kisa kinachotajwa sana ni cha watu 14 waliowahi kushiriki The Biggest Loser, kipindi cha televisheni cha Marekani ambamo washindani walifanya mazoezi saa nyingi na kula kidogo sana. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha hali yao. Kwa wastani walipungua kilo 58 katika wiki 30, na miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi. Isitoshe, miili yao ikiwa imetulia ilichoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo na umri wao. Magazeti yalishika hapo hapo, na mpaka leo utasikia kwamba ukipungua unaharibu mwili milele.

Sehemu ya pili ya matokeo hayo haikusomwa sana, nayo kwangu ndiyo nzito. Walioendelea kubaki wamepungua zaidi ndio hao hao ambao miili yao ilikuwa imebana matumizi zaidi. Kwa hiyo kubana matumizi hakukuamua nani atanenepa tena. Mwaka uliofuata watafiti walitazama jambo lingine kwa watu hao: shughuli za mwili. Waliofaulu kushikilia kilo zao walikuwa wameziongeza kwa asilimia 160 kuliko kabla ya shindano. Waliorudia unene walikuwa wameziongeza kwa asilimia 34 tu.

Ikiwa mwili kubana matumizi si adui mkubwa, basi adui ni nani? Ni hamu ya kula, na namna watafiti walivyoipima inanifurahisha hadi leo. Kuna dawa ya kisukari, kanagliflozini, inayoziagiza figo zitoe sukari kwenye mkojo. Mgonjwa hupoteza takriban kalori 360 kila siku bila kuhisi chochote. Kwa hesabu ya kawaida angeendelea kukonda, lakini hupungua kilo chache kisha husimama. Mwaka 2016 David Polidori, Hall na wenzao walitumia tofauti hiyo kukokotoa ni kiasi gani wagonjwa walikuwa wakiongeza chakula bila kujijua. Walipata kwamba kwa kila kilo moja inayotoka, mwili hubana matumizi kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku.

Chukua mama aliyetoka kilo 90 akafika 78. Mwili wake sasa unatumia kama kalori 300 pungufu kwa siku, yaani karibu chapati moja ya mafuta. Hilo linavumilika. Lakini njaa inamsukuma kula takriban kalori 1,200 zaidi ya alivyokuwa akila zamani, chapati nne hivi, leo na kesho na mwezi ujao. Hazili zote, anapambana. Lakini siku akiwa amechoka, ana mawazo, au mtoto amelazwa, ni nani atakayepambana? Wanaosema kwamba waliorudia unene hawana nidhamu hawajaiona hesabu hii. Mwanzoni mtu alipambana huku mizani ikimpa zawadi kila wiki. Katika mwaka wa pili anapambana kwa nguvu zile zile, pengine zaidi, na mizani inamwambia "kilo 78" kila Jumamosi. Hakuna anayempigia makofi mtu ambaye hajabadilika.

Pamoja na hayo wapo wanaofaulu, na hawako wachache kama tunavyodhani. Mwaka 1994 Rena Wing na James Hill walianzisha nchini Marekani daftari la kuwaandikisha watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Zaidi ya watu 10,000 wamejiandikisha. Wengi wao hupima uzito angalau mara moja kwa wiki, hula kifungua kinywa, hawaketi sana mbele ya televisheni, na hufanya shughuli za mwili karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Ni watu waliojileta wenyewe, na ni wa nchi moja, kwa hiyo sitachukua tabia zao kama sheria. Ila kuna jambo moja la kutazama: kupungua kwenyewe walipungua kwa njia tofauti tofauti. Walikuja kufanana walipofika kwenye kushikilia.

Hapa mazoezi yanahitaji maneno machache, maana yanasemwa vibaya. Wahadza wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania hutembea kilomita nyingi kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambazo Wahadza hutumia kwa siku, na kukuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili hawachomi zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda ofisini. Mwili hubana kwingine ili kufidia. Kwa hiyo anayetegemea jogging ya Jumapili imwondolee kilo kumi bila kubadili sahani atavunjika moyo. Lakini kushikilia uzito ni hesabu nyingine, kama washindani wa The Biggest Loser walivyoonyesha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki kwa afya ya mtu mzima. Anayeshikilia kilo alizopunguza aelekee kwenye zile 300. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, fuata mahitaji sokoni kwa miguu badala ya bodaboda, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kubeba uzito au kuchuchumaa na kuinuka, kwa sababu anayepungua kwa chakula peke yake hupoteza na misuli, na misuli ndiyo itakayombeba uzeeni.

Sasa mizani. Nimesikia washauri wakisema "usijipime, itakuvunja moyo". Siwaungi mkono, isipokuwa kwa mtu mwenye historia ya kujinyima chakula hadi kuugua. Mwaka 2006 Wing na wenzake walichapisha jaribio la watu 314 waliokwisha kupungua angalau asilimia 10 ya uzito wao. Hawakufundishwa kupungua tena, walifundishwa kushikilia. Walipima uzito kila siku na kuugawa katika rangi. Ukiwa umepanda chini ya kilo moja na nusu hivi juu ya uzito wako wa kuanzia uko kwenye kijani, endelea kuishi. Ukivuka hapo uko kwenye njano, tafuta nini kimebadilika. Ukifika kilo 2.3 uko kwenye nyekundu, rudi kwenye njia iliyokupunguza mwanzoni, sasa hivi, na utafute msaada wa mshauri. Baada ya miezi 18, katika kundi lililokutana ana kwa ana asilimia 46 walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Kwa walioletewa barua za habari tu, ilikuwa asilimia 72.

Asilimia 46 bado ni nyingi, najua. Kinachonivutia ni kwamba jaribio halikumtaka mtu awe malaika. Lilimtaka aigundue kilo ya pili kabla haijawa ya kumi. Kwetu wengi hawana mizani nyumbani, lakini mizani iko kwenye zahanati, duka la dawa, na kwa vijana wanaopima watu stendi. Chagua moja tu, maana mizani mbili hazikubaliani. Pima siku ile ile ya wiki, asubuhi, kabla ya kula, ukiandika. Usishtushwe na kilo moja inayokuja na kuondoka, hasa kwa wanawake karibu na hedhi, au baada ya chakula chenye chumvi nyingi. Tazama mwelekeo wa wiki nne.

Kwenye chakula sitakuwa na maneno mengi, kwa kuwa hakuna chakula cha ajabu. Swali la kumuuliza mtu anayetaka kuacha ugali ni kama ataweza kuuacha akiwa kwa mkwe, kijijini, na kwenye msiba. Kama jibu ni hapana, asiuache; aupunguze, na nafasi iliyobaki aijaze kwa maharage, dagaa, samaki, mchicha au kisamvu, kwa sababu protini na nyuzinyuzi za mboga huituliza njaa ile tuliyoihesabu juu. Mafuta apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye chupa. Soda, juisi ya pakiti na sukari ya chai ndivyo vya kwanza kuondoka, maana hushuka bila kushibisha. Wa pwani wanaokula sinia moja wajue ugumu wake: kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Jipakulie sahani yako kwanza, kisha kaa na wenzako. Na Ramadhani mtu anaweza kufunga siku 30 akaongezeka, kwa kaimati, tambi na mihogo ya nazi kabla hata ya daku.

Lakini kwa maoni yangu kikwazo kikubwa hapa kwetu hakimo chunguni. Kimo midomoni mwa watu. Utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na bado sifa ya mtu aliyefanikiwa ni "umenawiri". Aliyepungua anaulizwa "vipi, unaumwa?" Kwa miaka mingi kukonda kulihusishwa na UKIMWI na kifua kikuu, na hofu hiyo haijaisha. Bibi harusi aliyepungua baada ya ndoa huwaletea aibu wakwe, kana kwamba halishwi. Nimewaona watu waliovumilia njaa ya kutwa nzima lakini wakashindwa kuvumilia minong'ono ya wiki mbili, wakarudi kula ili wapone kwa macho ya majirani. Anayepungua awaambie watu wake wa karibu mapema, tena kwa sababu ya kiafya: "daktari ameniambia sukari yangu inapanda, nimepunguza kula." Shangazi anayebishana na nia yako hatabishana na daktari.

Dawa mpya za sindano zimeleta swali jipya. Semaglutidi huigiza homoni ya shibe na hupunguza mwili kweli kweli: katika jaribio moja watu waliofuatiliwa baadaye walikuwa wamepungua asilimia 17 hivi baada ya wiki 68. Walipoiacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya kilo hizo zilirudi. Dawa haikufeli; ilitibu hali inayodumu, nayo ikasimamishwa, kama vile presha inavyopanda ukiacha vidonge. Anayeianza ajiulize kama ataimudu kwa miaka, na asiinunue kwa mtu wa mtandaoni: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Puto linalowekwa tumboni, huduma inayopatikana hospitali ya Mloganzila, nalo hutolewa baada ya miezi kadhaa, na siku hiyo kazi ya kushikilia huanza. Upasuaji wa tumbo ndio wenye rekodi ndefu zaidi. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulikuta waliofanyiwa bado wako chini kwa takriban asilimia 18 miaka 20 baadaye. Lakini ni upasuaji mkubwa, una watu wake.

Na aliyerudisha baadhi ya kilo asidhani alipoteza muda wake. Katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa walilenga kupungua asilimia 7 tu na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, kilo nyingi zilikuwa zimerudi, ila visa vya kisukari bado vilikuwa pungufu kwa asilimia 34. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Ningependa kumwona mtu ameshikilia kilo sita kwa miaka mitano kuliko kupoteza ishirini kila Januari na kuzirudisha kila Desemba.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaotumia dawa za kisukari au presha. Msianze kupunguza chakula bila kumwambia daktari wenu. Mwili ukipungua, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno, sukari au presha ikashuka ghafla mkaanguka njiani. Na uzito ukianza kurudi, rudini kliniki mapema, kwa sababu dozi itahitaji kutazamwa tena.